Ukurasa wa Kumi na Tisa wa Kijani

Kwako Baba,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, kisha Mama, kisha wote walio hapo nyumbani. Naomba barua hii ikukute jicho la kulia limeshafunguliwa bandeji, na lile la kushoto limeacha kumwonea mwenzake wivu na kutoa machozi yasiyo na sababu. Daktari alisema siku kumi. Kwa hesabu yangu leo ni ya nane, na najua kwa hesabu yako ni ya nane na nusu. Mimi ni mzima. Nalala, nakula, na koo lililokuwa likinisumbua kwa vumbi la chaki limepona, kwa kuwa siku hizi chaki siishiki sana. Sababu utaisikia.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikipiga, wewe huitikia "Enhe, Mwalimu, lete habari," kwa ile sauti yako ya utani, nami nageuka mtoto wa darasa la tatu hapo hapo, nacheka, naulizia kuku, nakata simu bila kusema nililolikusudia. Mama mdogo anapanda basi kesho asubuhi kuja kukuangalia, na amekubali kuibeba barua hii ndani ya mkoba wake bila kuifungua, jambo ambalo kwake ni mtihani mkubwa. Na kwa kuwa hujaruhusiwa kusoma, najua Mama ndiye atakayekusomea. Mama, nakujua. Ukifika mahali pachungu kwenye barua ya mtu huwa unakohoa, unaruka mistari mitatu, unasema "anawasalimu wote." Leo nakuomba usiruke hata neno.

Najua pia kwamba mwalimu mkuu ameshakupigia. Wanafunzi wanamwita Tangazo, na wewe uliyemfundisha tangu akivaa kaptula unaelewa kwa nini. Neno likimwingia sikioni halilali. Naambiwa amekwambia kwamba binti yako amekuvua nguo hadharani, na kwamba Ijumaa kamati ya shule itakaa na wewe umealikwa kuja kusema neno. Basi nisikilize mimi kabla hujamsikiliza yeye mara ya pili.

Mwaka huu nilipewa darasa la watahiniwa, hesabu, wanafunzi sabini na wanne. Nilipewa pia chumba kilichokuwa stoo ya mipira, kwa sababu ofisi moja ilikuwa ikibadilisha vyombo vyake ikatupa kompyuta kumi na moja. Zinazofanya kazi ni tisa, na mbili kati ya hizo tisa zinanguruma kama mashine ya kusaga. Chumba bado kinanuka ngozi na jasho. Kifaa cha intaneti nimekibandika kwenye fremu ya dirisha kwa plasta ya kufungia vidonda, maana hapo tu ndipo mtandao unapokubali kuingia. Ukikisogeza kiganja kimoja, unakimbia. Wanafunzi wanakaa wawili kwa kiti kimoja. Wale ambao wazazi wao wana simu za kisasa wanamalizia mazoezi nyumbani.

Ninachotumia ni tovuti ya bure. Mwalimu anaingiza swali na majibu manne, mwanafunzi anachagua, mashine inasahihisha palepale. Walimu wenzangu waliona hilo tu, la kusahihisha. Mwalimu wa taaluma alitangaza ofisini kwamba mwenzetu kapata mfanyakazi wa ndani, yeye sasa ni wa kukaa na kupulizwa na feni. Mwingine akauliza kama mfanyakazi huyo anaosha na vikombe, maana vya pale ofisini vina siku tatu. Wakacheka sana. Unanijua, Baba, majibu yangu huwa nayabeba hadi chumbani nikayatoa mbele ya ukuta.

Lakini kuna jambo hawakulijua. Mashine ile haihifadhi alama peke yake. Inahifadhi ni jibu lipi mtoto alilichagua, na alitumia sekunde ngapi kulichagua. Wewe umefundisha miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo ulichokuwa ukiletewa mwisho wa mwaka ni karatasi yenye majina na madaraja. Mtihani wa taifa haumwambii mwalimu mtoto wake alianguka wapi. Ni kama daktari kuletewa idadi ya waliopona na waliokufa bila kuambiwa walikuwa wakiugua nini. Mimi, kwa mara ya kwanza katika shule hii, nilikuwa nauona ugonjwa wenyewe.

Wiki tatu zilizopita nikaweka swali jepesi. Idadi ya wanafunzi wa shule iliongezeka kwa asilimia ishirini ikawa 600. Je, mwanzo walikuwa wangapi? Nililiweka ili wapate moyo kabla ya maswali magumu. Saa ya chakula nikafungua matokeo. Kati ya sabini na wanne, sitini na mmoja walikuwa wamechagua 480. Kwa wastani walitumia sekunde tisa.

Niliuacha mkate wangu. Makosa ya kutojua huwa yanatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Huyu anakimbilia A, yule D. Haya yalikuwa yamepanga mstari. Watoto sitini na mmoja hawawezi kukosea kwa namna moja, kwa haraka moja, kwa uhakika mmoja, isipokuwa kama wamefundishwa.

Nikamwita msichana ambaye darasa zima linamwita Sekunde. Yeye ndiye bora wao. Anataka chuo cha maabara, anataka kuwa mtu wa kupima damu, na anajibu maswali kabla kiti hakijapata joto. Hili alikuwa amelijibu kwa sekunde nne. Nikamwomba alifanye tena kwa sauti. Akasimama, akainua kidole cha shahada, akaimba, "Ikipanda, toa! Ikishuka, jumlisha!" Na darasa zima, bila kuombwa, likamalizia kwa pamoja, "Kijani, ukurasa wa kumi na tisa!"

Baba, kilikuwa kidole chako. Kile kile, kimepinda kidogo kwenye kiungo. Mtoto yule alikuwa chekechea ulipostaafu, hajawahi kukuona, lakini kidole chako kimepita kwa mwalimu hadi mwalimu hadi kikamfikia. Na Kijani chako, kile kitabu ulichokiandika kwa mkono jioni baada ya jioni kwenye meza yetu ya kulia chakula, bado kinatolewa fotokopi katika kila steshenari ya mji huu, na jalada lile lile la kijani na jina lako juu. Hakuna mtahiniwa asiye nacho. Wengine wamekifunika kwa nailoni kama hati ya nyumba.

Nikawaandikia ubaoni. Asilimia ishirini ya 600 ni 120. Ukitoa, unapata 480. Vizuri. Sasa turudi. Chukua hao 480, waongeze asilimia ishirini. Asilimia ishirini ya 480 ni 96. Jumla 576. Lakini swali limesema shule ina wanafunzi 600. Nikawauliza, ishirini na wanne wako wapi?

Mmoja wa nyuma akasema wametoroka kipindi cha hesabu, na darasa likaangua kicheko. Kikaisha. Nikaona kalamu zikianza kusogea, moja, mbili, halafu nyingi. Nikawaonyesha kwamba 600 si asilimia mia moja ya wale wa mwanzo, ni asilimia mia moja na ishirini, kwa hiyo tunagawanya, na wa mwanzo walikuwa 500. Sekunde hakuandika. Aliniambia kwa adabu, lakini kwa jicho kavu, kwamba mashine yangu ni mbovu. Mzee, yaani wewe, hakosei, alisema, na tena ni baba yangu mwenyewe. Aliyekaa naye akamnong'oneza, kwa sauti ya kusikika na wote, "Labda wamegombana nyumbani."

Baya zaidi ni kwamba watunga mitihani wanaijua hiyo 480. Wanaiweka makusudi kati ya majibu manne. Mtoto wetu anaiona pale, anafurahi kama aliyekutana na jirani yake ugenini, anaizungushia duara na kupita.

Basi nikatengeneza somo huko huko mtandaoni. Maelezo mafupi na maswali kumi na mawili, nikaliita "Ukurasa wa kumi na tisa una kosa," nikaweka jina langu. Nikampelekea rafiki yangu anayefundisha shule ya jirani, naye akampelekea mwenzake. Kufika wiki ya pili, wanafunzi wa shule tisa walikuwa wamelifanya. Swali la kwanza huwa naliweka kabla ya maelezo, ili nione wanakuja na nini. Watoto elfu moja na mia tatu, Baba. Wanane katika kila kumi walikuja na 480.

Hapo ndipo Tangazo aliponiita ofisini. Picha yenu ya siku ulipoagwa bado iko ukutani kwake, juu ya kabati la vikombe vya michezo, na wewe unatazama pembeni kama kawaida yako. Alianza kwa upole, akaniita mwanangu, akaniuliza hali ya jicho lako. Kisha akasema kwamba siku kumi na sita kabla ya mtihani si wakati wa kuwavuruga watahiniwa. Alisema swali lenyewe huwa ni moja tu katika karatasi nzima, na swali moja halimfelishi mtu. Nikamwambia swali moja ndilo linalomtenganisha anayeitwa chuo na anayebaki nyumbani, na kwamba aende akamweleze Sekunde hivyo akimtazama machoni. Akakasirika. Akasema yeye alikusikia wewe kwa masikio yake mwenyewe ukiifundisha kanuni ile. Na akainua kidole, Baba! Pale pale, na tumbo lake lote. Akaiimba.

Nilipokataa kucheka wala kukubali, akanipa njia mbili. Ya kwanza, nifute somo na niombe radhi mbele ya shule nzima. Ya pili aliisema akiwa ameinama, taratibu, kama anayenipa pipi: niandike kwamba kosa limetokana na fotokopi. Steshenari, alisema, hazina baba wala mama wa kuzililia. "Mzee atabaki na heshima yake," akamalizia, "wewe utabaki na darasa lako, na mimi nitabaki na amani yangu."

Nakiri kwamba njia ya pili niliiangalia. Niliiangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Halafu nikazikataa zote mbili. Kesho yake nikampelekea maandishi, kwa kuwa ananidai maandishi kwa kila kitu, yenye mstari mmoja: sitaomba radhi kwa kugawanya panapotakiwa kugawanywa. Akafunga stoo ya mipira kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akatangaza kikao cha Ijumaa.

Kufuli linafunga mlango. Somo halikuwa nyuma ya mlango. Wenye simu nyumbani wakaendelea, na mimi nikaendelea kuwaona kila jioni, nani ametoka kwenye 480 na nani bado amekwama. Wasio na simu ni thelathini na sita. Hao nawakusanya wakati wa mapumziko kwenye ngazi za nyuma ya maktaba, simu yangu inapita mkono kwa mkono, kila mtu swali moja, aliyekosea anaelezwa na aliyepata. Juzi mwalimu wa taaluma alitukuta pale. Akauliza kama mkusanyiko wetu una kibali. Nikamwambia akae, ni zamu yake, swali la tatu. Nilidhani atafoka. Akakaa kwenye ngazi, na suruali yake ya kunyooshwa, mbele ya watoto. Kidole kikainuka chenyewe, akachagua kwa sekunde saba, na skrini ikawa nyekundu. Hakuna aliyecheka; hapo niliwapenda wanafunzi wangu. Mtoto mmoja akamwambia kwa upole, "Mwalimu, hesabu waliopotea." Akahesabu. Akasimama, akajipangusa vumbi, akaondoka. Tangu siku hiyo habari za mfanyakazi wa ndani sijazisikia tena, na vikombe vya ofisini naona vimeoshwa.

Na Sekunde? Jana alilifanya swali lile tena, akiwa kwao, kwa simu ya shangazi yake. Alitumia dakika mbili na sekunde kumi. Nililisoma hilo mara tatu nikidhani mtandao umekatika katikati. Haukukatika. Alikuwa anafikiri. Akachagua 500, na kwenye nafasi ya maoni akaandika: "Bado naona umemkosea Mzee heshima. Lakini 500." Sijawahi kupewa alama ya juu kuliko ile.

Mama, sasa tumefika mahali ambapo ungekohoa.

Baba, unakumbuka mwaka ule ulipoamua Kijani kiache kuwa daftari na kiwe kitabu? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwenye steshenari alikuwa akiniruhusu kuikalia kompyuta yake Jumamosi, kwa kuwa nilikuwa napiga chapa haraka kuliko yeye. Ulinipa rasimu yako, daftari la miraba, wino wa bluu, mistari imenyooka kama uliipima. Ulikuwa ukimwambia kila uliyekutana naye njiani kwamba kitabu chako kinapigwa chapa na binti yako. Nilikuwa natembea kiganja kizima juu ya ardhi.

Ukurasa wa kumi na tisa ulinigomea. Kila nilivyoupanga, mistari miwili ya mwisho ilimwagikia ukurasa wa ishirini na kulivunja lile jedwali lako la kupendeza. Nilipunguza nafasi, nikapunguza herufi, ikawa mbaya. Mwenye steshenari alikuwa anataka kufunga. Nikatafuta cha kutoa. Chini ya kanuni yako palikuwa na sentensi, naikumbuka hadi mahali mkato ulipokaa: "Hii ni njia ya kukadiria tu, ikusaidie kutupa majibu yasiyowezekana, jibu lenyewe lipatikane kwa kugawanya." Nikajiambia ni marudio. Nyumbani na darasani ulikuwa ukiisema kila siku, kwa hiyo niliona kila mtu anaijua. Nikaifuta. Ukurasa ukakaa. Ulikaa vizuri sana, Baba, nilijivunia ukurasa ule kuliko yote.

Ulipokishika kitabu ulipapasa jalada, ukaangalia kama jina lako limeandikwa sawasawa, ukaniita Mwalimu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Ndani hukusoma. Kwa nini usome? Uliniamini, na darasani uliendelea kufundisha kwa daftari lako la miraba na kuisema sentensi ile kwa mdomo hadi ukastaafu. Kijani hakina mdomo. Waliokuja baada yako walisoma kilichoandikwa.

Kwa hiyo hukukosea. Uliandika sawa tangu mwanzo. Kosa la ukurasa wa kumi na tisa ni langu.

Na sijamaliza. Nilipokuwa na miaka ishirini, chuoni, niliwatolea Kijani wenzangu wa chumba kuwaringishia baba yangu. Nikakifungulia hapo hapo, kwenye ukurasa wangu mzuri. Nikauona. Ilinichukua muda mfupi kuliko sekunde nne za yule mtoto. Nikakifunga, nikasema tutakiona siku nyingine, nikajiambia nitakueleza likizo. Likizo ikaja, ulikuwa na wageni waliokuja kukushukuru kwa watoto wao waliofaulu, nikakaa kimya nikawaandalia chai. Likizo nyingine ikaja. Halafu nikawa mwalimu, na kimya kikazidi kuwa kigumu kukivunja, kwa sababu sasa ningeulizwa nilikuwa wapi. Miaka sita, Baba. Madarasa sita ya watahiniwa yameingia vyumba vya mtihani na kidole kile. Nilikuwa nafundisha madarasa ya chini na kujiambia hayanihusu. Sikuhitaji mashine kunionyesha kosa. Nilihitaji mashine kuninyima pa kujificha: majina sitini na moja, kila moja na sekunde zake, na moja ni la mtoto anayetaka kupima damu.

Na hata hapo niliandika "una kosa," nikaacha watu wadhani kosa ni lako. Zaidi ya wiki mbili niliacha hivyo. Katika yote niliyoyafanya mwezi huu, hilo ndilo peke yake ninalokuomba msamaha. Kwa mengine siombi, kwako wala kwa kamati.

Leo asubuhi nimelirekebisha. Kichwa cha somo nimekibadilisha, na juu ya swali la kwanza nimeandika: "Mwandishi wa Kijani aliandika sawa. Sentensi iliyokosekana niliifuta mimi, mwalimu wenu, nilipokuwa nikikipiga chapa. Nimelijua kosa hili miaka sita na sikusema." Jina langu liko chini. Shule tisa zimeshasoma. Tangazo bila shaka ameshasoma, na Ijumaa atakuwa na mashtaka mazuri kuliko yale aliyokuwa nayo. Anaweza kuninyang'anya darasa. Anaweza kuandika barua juu yangu hadi wino uishe. Lakini walimu wa shule nane wamelinakili somo kwenye akaunti zao, kwa hiyo hata nikifutwa mimi, lenyewe halifutiki. Nimebakiwa na siku tano kabla ya mtihani, na watoto kumi na wawili ambao bado wanaiona 480 wanatabasamu. Sitakaa mlangoni kusubiri kikao. Kesho saa nne niko kwenye ngazi.

Kuhusu Ijumaa. Daktari akikuruhusu, njoo. Usije kukitetea Kijani, hakina kesi. Na usije kunitetea mimi. Nakufahamu: utasimama, utavua kofia, utasema kwa sauti ya chini kwamba binti huyu alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, alikuwa mtoto, na kamati nzima italainika kwa kuwa ni wewe uliyesema. Usiseme hivyo. Nilikuwa mtoto Jumamosi ile moja. Miaka sita yote iliyofuata nilikuwa mtu mzima, mwenye akili zangu timamu, nikijua. Wakikuuliza, waambie hivyo.

Nisalimie wadogo zangu wote, na jirani yetu fundi cherehani, mwambie gauni linanikaa vizuri. Mama, asante kwa kusoma hadi hapa, pumzika koo. Mama mdogo apewe chakula kwanza ndipo aulizwe habari, maana ataziongeza.

Wasalaam,
ni mimi binti yako wa kwanza,
Mwalimu wa hesabu, darasa la watahiniwa, hadi nitakapoambiwa vinginevyo.